Truth Social kwa mfanyabiashara mdogo wa huku kwetu: maoni yangu baada ya kuifuatilia mwaka huu wa 2025

Wadau habari zenu. Watu wengi kwenye grupu letu la wauza vikapu wananiuliza kama kuna haja ya kuwa na hii Truth Social kwenye simu au ni siasa tu za Wamarekani zisizotuhusu, nikaona niandike kwa kirefu mara moja, anayetaka atasoma. Mimi natuma vikapu vya ukili na mikeka Marekani, wateja wangu wengine ni Watanzania wenzetu wanaoishi kule na wengine ni Wamarekani wenye maduka madogo ya zawadi, kwaiyo ushuru wa kule ukipanda na mimi napata shida hukuhuku, na mwaka huu mambo mengi ya ushuru yametangazwa kwanza kwenye hii apu ndo baadae yakafika kwenye magazeti na kwenye makaratasi ya serikali. Siandiki kumsifia Trump wala kumtukana, nataka mjue huduma yenyewe inakupa nini na haikupi nini.

Kwa ambao hawaijui kabisa, ni mtandao wa kijamii unaofanana sana na Twitter ya zamani, unafuata watu, unasoma posti, unazisambaza. Ulifunguliwa Februari 21, 2022 na umejengwa juu ya programu huria ya Mastodon. Chanzo chake ni kwamba Januari 8, 2021, siku mbili baada ya wafuasi wa Donald Trump kuvamia jengo la Bunge pale Washington, Twitter walimfungia Trump akaunti, basi akaenda kutengeneza pa kwake. Elon Musk alimrudishia akaunti Novemba 2022 lakini hakurudi kule kama zamani, makazi yake makuu yakabaki huku. Kampuni inaitwa Trump Media & Technology Group na toka Machi 2024 hisa zake zinauzwa kwenye soko la Nasdaq kwa alama ya DJT, yaani herufi za jina lake mwenyewe. Mwenye hisa nyingi kuliko wote ni yeye, ila Desemba 2024 alizihamishia kwenye amana inayosimamiwa na mwanae mkubwa. Mwaka 2024 kampuni iliingiza kama dola milioni 3.6 na kutangaza hasara ya karibu dola milioni 400, japo sehemu kubwa ya hasara hiyo ni mahesabu tu, siyo hela taslimu iliyotoka. Ukitazama hayo mapato unaelewa kwamba hii siyo biashara kubwa ya matangazo kama Facebook, thamani yake yote inamtegemea mtu mmoja anayeandika mle.

Na hapo ndo pa kuanzia. Ukitaka kusoma anachoandika huhitaji hata kufungua akaunti, ukurasa wake unafunguka kwenye brauza ya kawaida, kwaiyo kama una bando dogo usijisumbue kupakua kitu. Posti ni nyingi, zinakuja hadi usiku wa manane kwa saa za kule, herufi kubwa zimejaa, na nyingi zinaisha na "Asante kwa kuzingatia jambo hili!" Katikati ya ugomvi na watu na picha za mikutano ndo unaikuta sentensi moja inayobadilisha bei ya mzigo wako.

Kwa upande wa kasi naipa nyota nne na sina ubishi. Chukueni Aprili 2025. Tarehe 2 alisimama bustanini Ikulu na ubao mkubwa wenye majina ya nchi na asilimia, kila nchi ikapewa kima cha chini cha asilimia 10 na nyingine wakapigwa zaidi. Masoko ya hisa yakaporomoka. Tarehe 9, siku ambayo ule ushuru wa juu ulianza kazi, asubuhi akaandika kwamba HUU NI WAKATI MZURI SANA WA KUNUNUA na kumalizia kwa DJT, alafu mchana wa siku hiyohiyo akaandika tena kwamba anausimamisha ushuru wa juu kwa siku 90 isipokuwa China, ambayo aliipandisha hadi 125. Soko likaruka, ile S&P 500, yaani kipimo cha hisa za kampuni kubwa za kule, ikafunga juu kwa asilimia 9.5, kupanda ambako hakujaonekana kwa siku moja toka 2008, na hisa za hiyo kampuni yake zikapanda zaidi ya asilimia 20. Ikulu ilisema alikuwa anawatuliza watu wasiogope. Mimi sina ushahidi wa wizi na sitamsingizia mtu, ninachosema ni kwamba sera ya uchumi ya nchi nzima, tangazo la sera, mahali pa kutangazia na hisa zinazopanda baada ya tangazo, vyote vinamhusu mtu mmoja, na hilo peke yake linanitosha kuwa na wasiwasi. Hata kama angekuwa malaika utaratibu huo ni mbaya.

Kingine ambacho apu inakusaidia ni kumwelewa jamaa anavyofikiri kuhusu biashara, maana mle hakuna msemaji anayemlainishia maneno. Huyu ni mtu wa majengo, wa hoteli na viwanja vya gofu, na wa televisheni, na anaitazama biashara ya nchi na nchi kama mwenye duka anavyotazama daftari lake, ukimuuzia zaidi ya unavyonunua kwake anaona umemwibia. Siyo mimi ninayemtafsiri hivyo, hesabu za ule ubao wa Aprili ndivyo zilivyopigwa: walichukua pengo la biashara na nchi husika wakaligawa kwa thamani ya bidhaa zinazotoka huko, alafu wakakata nusu. Ndo maana Lesotho, nchi ndogo na maskini inayoshona jinzi za kuuza Marekani, ikatokea na asilimia 50, kubwa kuliko nchi zote kwenye ubao ule. Madagaska wakapewa 47. Sasa Madagaska wanauza nini kule, vanila! Marekani bara hawalimi vanila ya kibiashara, wanaihitaji kwenye aiskrimu zao, na Mmalagasi wa kijijini hana uwezo wa kununua gari la Ford ili hesabu ilingane. Anayenunua mikeka yangu hanifanyii hisani na mimi simwibii, yeye anapata mkeka mimi napata hela. Baadae Agosti Lesotho na Madagaska wakashushwa hadi 15. Sisi Tanzania na Kenya tukabaki kwenye 10, Uganda na Kongo wakapewa 15.

Msidhani ni jambo la mwaka huu tu. Afrika Mashariki tulishaonja mapema. Mwaka 2016 nchi zetu zilikubaliana kupunguza mitumba taratibu hadi iishe ili viwanda vya nguo vya hapa vipumue, wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na utawala wa Trump ule wa kwanza ukatishia kututoa kwenye mpango wa AGOA, ule ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya wakajitoa mapema, Tanzania na Uganda nao wakalegeza, Rwanda wakagoma, walikuwa wamepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo na wakabaki hapohapo. Mwaka 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Huo ni mwaka uleule alioandika Twitter kwamba vita vya biashara ni vizuri na ni rahisi kushinda. Kwaiyo apu imebadilika, mtu na mawazo yake hayajabadilika, na ukisoma posti zake za sasa ukiwa na hiyo historia kichwani hutashangaa sana.

Sasa tuje kwenye ubaya, na hapa naipa nyota moja. Posti siyo sheria. Hii nairudia kwa sababu kuna wenzetu walishaanza kubadilisha bei kwa kuona skrinshoti tu. Mei 4 aliandika kwamba filamu zote zinazotengenezwa nje zitalipa ushuru wa asilimia 100, dunia nzima ikashtuka, akarudia tena Septemba, na mpaka naandika hapa mwishoni mwa Novemba 2025 hakuna amri yoyote iliyotekeleza hilo. Kwa upande mwingine barua kwa Brazil ya asilimia 50 aliiweka mle Julai 9, humo akiunganisha ushuru na kesi ya Bolsonaro, rais wa zamani wa Brazil, na mwisho wa mwezi amri ikasainiwa kweli na Agosti watu wakaanza kulipa. Kwa macho ya msomaji posti zote mbili zinafanana, sauti ni ileile, herufi ni zilezile, na apu haikupi njia ya kutofautisha ipi itakuwa karatasi na ipi itabaki maneno. Kwa mtu wa biashara huo ni upungufu mkubwa sana maana wewe unataka kujua tarehe, unataka kujua bidhaa gani, unataka kujua mzigo ulioko baharini unahesabiwaje.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa vifurushi. Zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru, na sisi wadogo biashara yetu yote ilisimama juu ya hapo, mteja anaagiza vikapu viwili vitatu, unafunga, unapeleka, basi. Msamaha huo umefutwa kwa dunia nzima kuanzia Agosti 29, 2025 kwa amri ya rais iliyosainiwa Julai 30. Ndani ya amri hiyo kuna maelezo ambayo huwezi kuyapata kwenye posti ya mistari mitatu: vifurushi vilivyopita posta viliweza kutozwa asilimia ya nchi vilikotoka, au kwa miezi 6 ya mwanzo vikatozwa kiwango maalum, ambacho kwa nchi zenye ushuru chini ya asilimia 16 kama sisi kilikuwa dola 80 kwa kila kifurushi. Dola 80 kwa kikapu cha dola 25! Aliyechagua njia ya kulipa ni msafirishaji siyo wewe, kwaiyo muulizeni kabla hamjafunga mzigo. Mashirika 88 ya posta duniani yalisimamisha huduma za kwenda Marekani, yote au sehemu, kwa sababu hayakujua nani atakusanya hiyo hela na ataipeleka wapi. Hiyo ndo habari iliyoua biashara nyingi za mikono duniani mwaka huu, na ili uielewe inabidi usome amri yenyewe kwenye tovuti ya Ikulu na maelekezo ya forodha yao.

Kahawa nayo, wenye kahawa wa Kilimanjaro na Kagera mnisikilize. Toka Agosti kahawa ya Brazil ilikuwa inalipa 50, ya kwetu 10, ya Uganda 15, wakati Wamarekani wenyewe hawana mashamba ya kahawa ya maana ukiacha Hawaii na Puerto Rico. Bei ya kahawa madukani kwao ikapanda, takwimu zao za Septemba zilionyesha karibu asilimia 19 kwa mwaka, watu wakalalamika, na Novemba 14 akasaini amri ya kuiondoa kahawa, chai, ndizi na vyakula vingine kadhaa kwenye ule ushuru, alafu Novemba 20 akaiondolea Brazil pia kwa kahawa. Hapo namsifu kwa dhati, anageuka akiona bei inawaumiza watu wake, hana aibu ya kurudi nyuma. Ila mnunuzi wa kule aliyeingia mkataba na chama cha ushirika huku Septemba akiamini Brazil italipa 50 amebaki na mkataba wa bei nyingine. Ukiwa mwenye majengo unaweza kubadilisha dau kila wiki ukamchosha mwenzako mpaka akubali, mkulima wa kahawa hawezi, mti wa kahawa unachukua miaka mitatu minne mpaka uzae.

Na kuna jambo ambalo wengi wanaoisifia apu hawalitaji, nalo ndo limenifanya niandike. Kuwa na pa kwako pa kusemea ni haki ya mtu yeyote, tatizo ni kinachotokea kwa wengine wanaosema. Machi 14, 2025 alisaini amri ya kuipunguza kabisa taasisi inayosimamia Sauti ya Amerika, kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika, redio iliyokuwa hewani toka 1942. Idhaa ya Kiswahili nayo ikanyamaza. Wengi wetu tumekua na hiyo idhaa, mliosikiliza kipindi chao cha Kwa Undani mnajua jinsi walivyokuwa wanachukua sheria ya Bunge la Marekani wanaileta kwa Kiswahili kilichonyooka, wanamtafuta mchumi wa Nairobi au mwanasheria wa Dar anaeleza itatuathiri vipi. Ingekuwepo mwaka huu, huu wa AGOA kuisha muda Septemba 30, mwaka wa vifurushi, mwaka wa kila kitu, tungekuwa na watu wanaojua Washington na wanaojua Kariakoo kwa pamoja. Badala yake tunabaki na posti za Kiingereza za herufi kubwa na vijana wa TikTok wanaozitafsiri vibaya. Hilo linaniuma kweli na sioni kama apu yoyote inaweza kuziba pengo lile.

Vyombo vya habari vya kwao wenyewe havijasalimika. ABC walikubali Desemba 2024 kutoa dola milioni 15 kumaliza kesi ya kumchafulia jina, Paramount wenye CBS wakatoa milioni 16 Julai 2025, Wall Street Journal wameshtakiwa kwa dola bilioni 10 na New York Times kwa bilioni 15. Shirika la habari la AP walizuiwa kuingia kwenye baadhi ya shughuli zake kwa sababu waliendelea kuiita Ghuba ya Mexico kwa jina lake la siku zote. Niwe mkweli pia kwamba anaongea na waandishi mara nyingi mno, anajibu maswali kwenye ndege, ofisini, popote, marais wengi wa Afrika hawathubutu. Ila kujibu maswali na kuvumilia majibu yakichapishwa ni vitu viwili.

La takwimu ndo lilinitisha kuliko yote. Agosti 1, 2025 ofisi ya takwimu za ajira ilitoa ripoti kwamba ajira mpya za Julai ni 73,000 tu na ikapunguza za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000. Siku hiyohiyo, kupitia hiihii Truth Social, akatangaza kumfukuza kazi mkuu wa ofisi hiyo Erika McEntarfer akidai namba zimepikwa, bila kuonyesha ushahidi. Mwezi huohuo akaweka mle barua ya kumfukuza Lisa Cook kutoka bodi ya Benki Kuu yao, jambo ambalo mwishoni mwa Novemba 2025 lilikuwa bado linapiganiwa mahakamani, na Jerome Powell, aliyekuwa mwenyekiti wa benki hiyo mwaka 2025, alikuwa anamtukana mle toka mwanzo wa mwaka huo kwa kukataa kushusha riba haraka. Sisi tunaouza nje tunategemea hizo namba. Bei ya dola pale kwenye duka la kubadilishia fedha, riba ya mkopo wa mnunuzi wako, uamuzi wake wa kuagiza mzigo wa Krismasi, vyote vinaanzia kwenye takwimu ambazo watu wanaziamini. Mtoa takwimu akifukuzwa kwa sababu namba hazikupendeza, anayefuata atazitoa kwa woga, na sisi tutapanga bei kwa namba za woga.

Kwaiyo jumla yangu ni nyota mbili kati ya tano, zote mbili ni za kasi. Anayefaa kuifuatilia ni mwenye mzigo wa Marekani, wakala wa forodha, au mwandishi wa habari za biashara, wengine mnaweza kuishi bila hiyo. Mimi siku hizi nikiona posti ya ushuru naiandika pembeni na tarehe yake, sigusi bei, alafu naenda kwenye ukurasa wa amri za rais kwenye tovuti ya Ikulu kuona kama kuna kilichosainiwa, nikikuta naangalia jedwali la bidhaa nyuma ya amri kwa namba ya bidhaa yangu, na mwisho namuuliza msafirishaji anatoza vipi. Na Mahakama ya Juu yao, Novemba 5, 2025 walisikiliza kesi ya kama rais ana mamlaka ya kuweka huu ushuru kwa sheria ya dharura, na mwishoni mwa mwezi huo hukumu ilikuwa bado.

Moja la mwisho kwa wenye ndugu kule, hili lipo kwenye sheria aliyoisaini Julai 4, 2025: kuanzia Januari 1, 2026 hela inayotumwa nje kwa taslimu au hundi ya pesa inakatwa kodi ya asilimia 1. Ikitoka kwenye akaunti ya benki ya kule au kwa kadi ya benki ya Marekani haikatwi. Waambieni wabadilishe njia.